Karatasi ya Kang'ata Niliyoiweka Pembeni

Ipo siku moja ya ofisini Korogwe ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, na leo nakusimulia, mwanangu Zubeda, kwa sababu juzi umeniudhi. Sifichi. Ulipokuwa hapa kwangu Chanika nilinyamaza kwa kuwa sebuleni kulikuwa na wageni, na sikulelewa kumkaripia binti wa watu akiwa na kikombe cha chai mkononi. Wageni wameondoka, hasira imebaki. Magoti yangu yamegoma lakini mkono bado unaandika, kwa hiyo kaa chini usome mpaka mwisho.

Ulifungua kompyuta yako juu ya meza yangu ukanieleza kazi mliyopewa. Mnakusanya tafiti zote zilizowahi kufanywa kuhusu mbegu zinazofaa nchi kavu kama yetu, za zamani na za sasa, mnazichekecha kwa programu, mnaziunganisha, halafu linatoka jibu moja la kupelekwa kwa wakulima. Nilifurahi, wallahi. Nilisema moyoni, hatimaye kuna mtu wa ukoo wetu anafanya kazi niliyoifanya mimi, tena kwa akili zaidi. Kisha nikakuuliza habari za lile boksi la ripoti za zamani, zile zilizoandikwa kwa mkono vijijini. Ukajibu huku unakoroga chai, "Zile nimeziweka pembeni, Bibi. Mashine haisomi ule mwandiko, halafu ni chache, haziwezi kubadilisha jibu."

Umeziweka pembeni! Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, mama yako akiwa bado ananyonya. Wewe huyajui kwa sababu katika ukoo huu hatukuyazungumza. Hilo nalo ni kosa letu, tena kosa kubwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, karani wa ofisi ya kilimo, napiga taipu kwa vidole vyote kumi, navaa sketi zilizonyooshwa na najiona nimefika. Miaka ile watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, na kila ofisi ilikuwa na haraka. Tukaagizwa kutoka juu kwamba Korogwe na Handeni zichague mbegu moja ya mahindi, ipandwe kwenye mashamba yote ya vijiji masika yatakayofuata. Ilikuwepo mbegu mpya iliyojaribiwa msimu uliopita sehemu mbalimbali, na kila kijiji kilichoijaribu kilitakiwa kuleta ripoti. Kazi yangu ilikuwa kuzisoma zote, kuzijumlisha, na kumwandalia bwana mkubwa ukurasa mmoja wenye jibu. Bwana mkubwa mwenyewe alikuwa mtu wa kutoka Ziwani, mpole, mchapakazi, lakini kwetu Uzigua alikuwa mgeni kabisa.

Ripoti zikaja, nyingine kwa basi, nyingine kwa treni. Nyingi zilipigwa taipu zikagongwa muhuri, na nyingi zilisifu. Kijiji cha Mpale walisema mavuno ni ya wastani. Nne kutoka Korogwe ya chini, upande wa mtoni, zilisifu mpaka zikapitiliza: moja ya bwana shamba, moja ya katibu wa kijiji, moja ya mwalimu mkuu, na moja ya wageni waliokwenda kutembelea. Vijiji vingine havikuleta kitu, nami sikuuliza kwa nini. Niliona afadhali, kazi imepungua.

Halafu ikaja ya Kang'ata, kijijini kwetu, nchi kavu ya Handeni. Ilikuwa ukurasa uliochanwa kwenye daftari la elimu ya watu wazima, umeandikwa kwa penseli, herufi kubwa kubwa, nyingine zimegeuzwa kinyume. Naikumbuka neno kwa neno. "Nimepanda mahindi mapya nusu ya shamba na mtama nusu. Mahindi yamekauka kabla ya kubeba. Nimepata debe moja halikujaa. Mtama madebe manane. Msituletee mbegu hii. Mimi Mwantumu."

Mwantumu alikuwa mama mdogo wangu, tumbo moja na mama yangu. Ndiye aliyemzaa bibi yako. Alianza kujifunza kusoma pale kijijini akiwa tayari ana wajukuu, alasiri, akitoka shamba na miguu ina vumbi. Karatasi ile ilikuwa barua yake ya kwanza tangu azaliwe. Na mimi, badala ya kuona fahari, niliona haya. Niliitazama katikati ya zile zenye muhuri nikatamani isingekuja.

Bwana mkubwa akaiona. Akaishika, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Ndugu Mwajuma, mbona hawa wa Kang'ata hawakupata kitu, na wenzao wote wamepata?"

Lilikuwa swali la haki kabisa, mwanangu. Angeachwa, angeniambia niandike barua Kang'ata, na mambo yangeishia hapo. Aliyemzuia ni mimi, tena kwa ujuzi wangu wa nyumbani. Kwetu, kama unavyojua, mtu hatangazi mavuno. Ukimuuliza mkulima kama amepata, hata ghala liwe limefurika, atakwambia amepata ya kuonja, anamshukuru Mungu. Kujisifia chakula ni kukosa adabu, na ni kujiitia husuda. Nikamweleza bwana mkubwa hayo yote huku nacheka. Nikamwambia, "Mzee, hao ni ndugu zangu, nawajua. Wakisema wamepata debe moja, jua wameshiba. Hii tuiweke pembeni, itatuharibia hesabu."

Naye akacheka, akanishukuru kwa kumfundisha mila, karatasi ikaingia droo ya chini. Sikumwambia kwamba aliyeiandika ni mama mdogo wangu.

Nikiikumbuka siku ile mpaka leo natamani kujizaba kofi. Mgeni aliuliza, mwenyeji akamziba mdomo. Tena angalia nilivyokosa haki: karatasi iliyosema mabaya niliitafutia mila za kuikanusha, zile zilizosema mazuri nikazimeza nzima nzima. Kwani watu wa ofisini hawana mila zao? Wanayo moja, ya kumwandikia mkubwa anachotaka kusoma. Mila hiyo nayo niliijua vizuri, maana nilikuwa naifuata kila siku. Lakini hiyo sikuitaja.

Nikapiga taipu ukurasa wangu mmoja. Nikaandika kwamba mbegu imefanya vizuri kote, na hilo "kote" nikalipigia mstari. Ukurasa ule ulipendwa kwa sababu ulikuwa mfupi na haukuwa na "lakini" hata moja.

Masika yakafika, malori yakapeleka mbegu. Kang'ata shamba la kijiji lote likapandwa mahindi mapya, na mashamba ya kaya vilevile. Waliotaka kupanda mtama wao waliambiwa wanarudisha maendeleo nyuma, wakaogopa. Mvua ikanyesha wiki za mwanzo, ikakatika mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Wafugaji wa mbugani ndio walioona mapema kwamba ukame unakuja, wakahamisha ng'ombe wao majani yalipoanza kugeuka rangi. Sisi ofisini tulikuwa tunasubiri taarifa. Kule mtoni Korogwe mahindi yakazaa kama kawaida, na Kang'ata yakakauka yakiwa yamesimama.

Nilikwenda nilipoambiwa kuna njaa. Nilipanda basi na mfuko wa unga na sukari kidogo. Nilimkuta mama mdogo mlangoni pa ile nyumba mpya ya kijijini, anamenya mizizi ya porini. Ndani, juu ya mkeka, alikuwa amelala mjukuu wake Salimu, kaka yake mama yako, aliyekuwa ameachishwa ziwa mwaka uliopita. Mama yako yeye alikuwa mgongoni kwa bibi yako, bado ananyonya.

"Shikamoo, mama mdogo."

Hakuitikia. Aliendelea kumenya. Majirani walikuwa wanatazama, nami nimesimama na mfuko wangu kichwani.

"Karatasi yangu ilifika?" akaniuliza.

"Ilifika."

"Ukaisoma?"

"Niliisoma."

"Ukadhani nini?"

Nilimwambia ukweli. Nilisema nilidhani ni adabu, kwamba hakutaka kutangaza mavuno. Hapo akaweka kisu chini, akainuka, na hakupunguza sauti kwa ajili ya majirani wala kwa ajili ya sketi yangu ya ofisini.

"Mdomoni nasema adabu," akasema. "Nikikutana na mtu njiani namwambia nimepata ya kuonja, ndivyo nilivyofundwa. Lakini kuandika nimejifunza uzeeni, na vidole vinaniuma, ili nipate pa kusemea kweli. Karatasi ile nimeikalia siku tatu. Nimepima kwa debe, watu wanaona. Wewe tuliyekusomesha ukaisoma kama vile nimekusalimia. Na hao waliosema imezaa, walilima wapi? Udongo gani? Uliwauliza?"

Nilikuwa nimejumlisha vijiji vya wilaya mbili na sikujua hata kimoja kililima wapi.

"Basi mpe mwenzio, mama yake, huo unga apike uji wa mtoto," akasema. "Wewe rudi ukasome tena."

Nikarudi, nikasoma tena. Nilizitandaza ripoti zote sakafuni ofisini, nikapiga magoti, nikaanza upya. Zile nne zilizosifu mno zilikuwa za shamba moja. Shamba lile lile, kando ya mto, la bwana shamba yule yule. Yeye aliandika, katibu akaandika alichoambiwa naye, mwalimu akaandika kwa kuwa wanafunzi wake walipalilia, na wageni wakaandika walichoonyeshwa. Nililihesabu shamba moja mara nne, nikaliita ushahidi wa vijiji vinne. Mwalimu naye alikuwa amepima mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, hajapukuchua, na debe limejazwa likafanya kichuguu. Mimi nikalijumlisha na debe la mama mdogo lililopigwa mti juu likasawazishwa.

Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nikaviandikia vile vijiji vilivyonyamaza. Vilivyojibu vyote vilisema mahindi yao yalikauka, na mabwana shamba wao waliogopa kuleta ripoti mbaya wasije wakaitwa wavivu. Kumbe kule kunyamaza kulikuwa jibu, ila jibu la watu wenye hofu. Nikaitoa karatasi ya Kang'ata kwenye droo nikaiweka pamoja na nyingine. Jibu likaja lenyewe, wala halikuhitaji akili nyingi: mtoni ndiyo, nchi kavu hapana.

Nilimpelekea bwana mkubwa na kumwambia kila kitu, hata kwamba Mwantumu ni mama yangu mdogo. Kisha akaandika barua kwenda juu, akatia jina lake mwenyewe chini ya kosa ambalo lilikuwa langu, na mwaka uliofuata mtama ulirudi Kang'ata. Mpaka leo namwombea kila nikimkumbuka.

Lakini Salimu hakuufikia mwaka huo. Nitakwambia kama ilivyokuwa, maana sitaki na hili nalo nilipindishe. Kulikuwa na surua kijijini, na mganga wa zahanati aliandika surua. Sina haki ya kusema ni njaa peke yake. Ninachojua ni kwamba watoto wengine waliougua surua walipona, na yeye alikuwa amekonda mno hata kulia hakuweza. Tulimzika asubuhi, na mimi nilikuwepo. Mama mdogo hakunifukuza, ila hakunisogelea.

Mwaka uliofuata nilimpelekea fomu mpya ya mavuno, nikamwomba aandike yeye, kwa mkono wake, nikamwapia kwamba safari hii itasomwa. Aliirudisha mikononi mwangu. Akasema, "Andika upendavyo. Wewe ndiye unayezijua adabu zetu." Hakushika penseli tena mpaka alipofariki. Darasani aliacha, na daftari lake liliishia kuwashia moto. Alijifunza kuandika kwa shida vile ili aandike kitu kimoja tu, na kitu hicho nilikitupa mimi mtoto wa dada yake.

Sasa unaelewa kwa nini chai ilinishinda juzi.

Sina ugomvi na mashine yako, Zubeda. Ningekuwa nayo wakati ule, labda ingeniambia, "Wewe Mwajuma, karatasi hizi nne ni shamba moja." Ingezitafuta ripoti nilizokuwa mvivu kuzitafuta, ingezipanga, ingezilinganisha, na isingeona haya kwa ajili ya mwandiko wa mama mdogo. Ila tundu za chekeche hukazwa na aliyelishika. Ukiiambia ipokee yenye muhuri tu, itapokea yenye muhuri, na itafanya hivyo kwa kasi ya kutisha, bila hata kupata aibu niliyoipata mimi mbele ya majirani. Mimi nilitupa karatasi moja kwa siku nzima ya kazi. Wewe unaweza kutupa mia kabla chai haijapoa. Hilo ndilo linalonikosesha raha.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu, maana nasaha hii imegharimu mtu. Kabla hujafungua karatasi hata moja, andika utazipokea zipi, utazikataa zipi na kwa nini, kisha sababu hiyo iwahukumu wote, mwenye taipu na mwenye penseli. Usibadili sheria baada ya kuona nani kasema nini. Ukiona sifa nyingi zinafanana, uliza kama hazikutoka shamba moja. Vipimo virudishe kwenye kipimo kimoja. Debe la kichuguu na la kupigwa mti usiyajumlishe kama ndugu. Na uliza nani hakuandika, na aliogopa nini.

Unazozikataa, ziorodheshe hadharani na sababu zake, ili mtu mwingine akiziona aweze kukwambia umekosea. Mimi niliificha yangu kwenye droo, na kilicho ndani ya droo hakuna anayeweza kukibishia. Na ukikuta moja inayopingana na nyingine zote, usikimbilie kuitafutia udhuru. Huenda imekosea, ndiyo, karatasi hukosea. Lakini inuka kwanza, nenda ilikoandikwa, ukaone udongo. Hasa uwe mkali na nafsi yako pale unapojiona unawajua sana watu walioiandika. Bwana mkubwa hakujua kitu, na alielekea kwenye ukweli. Mimi niliyejua kila kitu ndiye niliyepoteza njia.

Kama mashine haisomi mwandiko, soma wewe. Macho Mungu amekupa mawili. Kama ni nyingi, lete hapa nikusaidie, nina miwani mipya na sina kazi. Jibu lisipobadilika baada ya hapo, sawa, angalau utakuwa umejua na si kudhani. Na likibadilika kwa kijiji kimoja tu, basi ujue kijiji hicho kina watu wanaokula.

Nimekusema kwa ukali kwa sababu wewe ni wa Mwantumu, na kwa sababu sikupata nafasi ya kuyasema haya kwa yule binti wa taipu aliyekuwa anacheka na mkubwa wake. Salimu angekuwa mjomba wako. Leo angekuwa na mvi, angekuja kwenye harusi yako na kudai kanzu ya mjomba.

Nakuombea, mwanangu. Mungu akuzidishie akili na akupunguzie haraka. Akupe wakubwa wanaouliza, na akupe moyo wa kuwajibu vizuri. Na atakapokujalia watoto, wale wasaze, na kila mtoto wa nchi kavu atakayefikiwa na jibu lako naye ale asaze. Amina.